Silinda inatoka peke yake

Ufunguo mmoja wa mlango ukipotea, je, lazima ung'oe kitasa kizima? Hapana, unabadilisha silinda tu, yaani kile kipande cha kitasa unachochomeka ufunguo. Fungua skrubu ndefu iliyo ukingoni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo. Kisha chomeka ufunguo uliobaki, uzungushe kidogo tu, kama nyuzi 15, huku ukivuta. Hapo ndipo wengi hukwama: silinda ina kijino kinachosukuma komeo, na kisipolala sawa na mwili wa silinda, haitoki hata uvute kwa koleo.

Kabla ya kununua mpya, pima kuanzia katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha. Silinda ya 35/45 (35 upande mmoja, 45 wa pili) na ya 40/40 zote ni milimita 80 lakini si kitu kimoja. Mimi nilikosea hapo, silinda ikachomoza nje milimita 5, mwizi angepata pa kushika (bahati nzuri hakuja).

Ukishaifunga silinda mpya, jaribu ufunguo mlango ukiwa wazi.

Ila kama silinda yako ni ya duara na kwa ndani kuna kishikio cha kuzungusha, tafuta skrubu mbili upande wa ndani. Kwa kawaida hizo ndizo zinazoishikilia.