Fundi wa Wavuti Anajibu: Nabonyeza kitenge kimoja, vinabadilika vyote

SWALI: Habari fundi. Nimemtengenezea mama ukurasa wa vitenge vyake, viko 12, kila kimoja kina picha, bei na batani ya "Kimeuzwa". Nataka nikibonyeza batani, kwenye bei ya kitenge hicho hicho paandikwe "Kimeisha". Mwanzo vyote niliviwekea id="bei", ikawa hata nikibonyeza cha mwisho kinabadilika cha kwanza. Nikageuza kuwa class, sasa vinabadilika vyote 12, mama alikuwa kakaa pembeni yangu akashtuka duka zima limeisha. Natumia jQuery, ile maktaba ya JavaScript. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mpe mama pole kwanza. Aidi ni kama namba ya gari, haitakiwi kurudiwa kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo ukimwambia jQuery $('#bei') inachukua ya kwanza inayokutana nayo na stori inaishia hapo. Klasi sasa ni kama kuita "konda!" pale stendi ya Msamvu, wanageuka wote. We hutaki wa kwanza wala wote, unamtaka aliyeguswa, na huyo ndani ya fankisheni anaitwa $(this), yaani batani yenyewe iliyobonyezwa. Kutoka hapo unapanda mpaka kwenye boksi la kitenge chake, halafu unashuka kutafuta bei iliyomo humo (hapa nachukulia batani ina class batani, boksi lina class kitenge na bei ina class bei):

$('.batani').on('click', function () {
  $(this).closest('.kitenge').find('.bei').text('Kimeisha');
});

Hiyo function iandike hivyo hivyo, ukiweka ule mshale => basi this haitakuwa batani tena na utakesha.

Ukitaka kuchagua kwa namba tumia .eq(), ila inaanzia sifuri, kwa hiyo $('.bei').eq(2) ni ya tatu, na .eq(-1) ni ya mwisho. Usichanganye na $('.bei')[2], hapo unapewa elementi ya kawaida ya HTML isiyojua mambo ya jQuery, ukiiambia .text() konsoli (pale brauza inapoandika makosa) inakugomea kwamba hiyo si fankisheni. Halafu jQuery ina kaugonjwa ka kunyamaza, isipopata kitu hailalamiki kabisa, ndo maana mi kabla ya kuhangaika naangaliaga $('.bei').length, ikija 0 najua nimekosea jina la klasi.

Wapo watakaokwambia jQuery ya kizamani, ilitoka 2006, na kweli brauza za sasa zina njia zao wenyewe za kutafuta elementi, querySelector na closest, lakini ukurasa wako unafanya kazi, usiubomoe kwa maneno ya watu.

Ila kuna kitu hujauliza. Hayo mabadiliko yako kwenye brauza yako tu, ukirifreshi bei zinarudi kama zilivyokuwa, mpaka uzihifadhi kwenye seva. Na hiyo batani ya "Kimeuzwa", wateja nao wanaiona?