Nimeacha hadi maharage, mbona kidole bado kinawaka?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 58. Kidole gumba cha mguu wa kulia huvimba usiku na kuwa chekundu, hata shuka likikigusa naruka. Nilipimwa nikaambiwa ni gauti. Nimeacha nyama, dagaa, hata maharage, lakini maumivu yamerudi. Pia natumia hidroklorothayazidi kwa ajili ya presha. Nakosea wapi?
Mzee wa Tanga

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Hujakosea. Inaniuma kuona wagonjwa wa gauti wakisemwa kuwa ni walafi, kumbe purini, kemikali za asili zilizomo kwenye vyakula kama nyama, zimo pia ndani ya kila seli ya mwili. Seli zikichakaa, purini zake huvunjwa, hasa kwenye ini, na kinachobaki ni asidi ya yuriki. Takribani theluthi mbili ya asidi hiyo hutengenezwa na mwili wenyewe. Chakula huchangia kama theluthi moja. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi, binadamu hatuna. Tunategemea figo ziitoe kwa mkojo. Zikishindwa kwenda na kasi hiyo, asidi hujaa kwenye damu, na ikipita takribani miligramu 6.8 kwa desilita huweza kuganda ndani ya kiungo, chembechembe zenye ncha kama sindano. Kidole gumba kiko mbali na moyo, kina ubaridi, na ubaridi huharakisha kuganda.

Maharage yarudishe mezani leo. Purini yanazo, lakini hayajaonekana kuongeza gauti. Punguza maini, figo, dagaa, bia na soda za sukari.

Sasa hiyo dawa ya presha. Hidroklorothayazidi huzifanya figo zibakize asidi ya yuriki. Usiiache mwenyewe, presha haina mzaha. Mpelekee daktari wako pakiti, umuulize kama losatani, dawa nyingine ya presha, itakufaa, maana yenyewe huishusha kidogo asidi hiyo.

Muulize pia kuhusu alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki. Huanzwa na miligramu 100 au pungufu kwa siku, ikapandishwa taratibu hadi kipimo cha asidi hiyo kwenye damu kisome chini ya miligramu 6 kwa desilita. Miezi ya mwanzo kidole kinaweza kuwaka tena. Hapo wengi huitupa dawa, nawe usiitupe. Ila ukitokwa na vipele mwilini, au vidonda mdomoni, acha kumeza na uende hospitali siku hiyo hiyo.