Mwacheni Mama Akatunze

Mchezo wetu wa kwanza wa nyimbo na maigizo tuliufanyia ukumbini, Dar es Salaam. Jukwaa juu, viti vimepangwa kama vya chumba cha mtihani, taa za upande wa watazamaji zimezimwa. Tukafika kwenye onyesho la harusi, kungwi anaimba, na mama mmoja wa safu ya tatu akainuka na noti ya elfu tano, mabega yameshaanza kucheza. Kijana wetu wa mlangoni akamwahi: "Mama, naomba ukae." Akakaa. Ukumbi mzima ukakaa naye mpaka mwisho.

Kijana hakukosea, amri niliitoa mimi. Nilikuwa nimesoma jinsi wenzetu wa Ulaya wanavyohangaika kumtoa mtazamaji kwenye kiti, nikasahau kwamba wa kwetu hutoka mwenyewe. Miaka ya 1990, vikundi vya sanaa vya TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano vilikuwa vikichanganya ngoma, vichekesho, maigizo na taarabu katika usiku mmoja, na watu walikwenda mbele kutunza, yaani kumpa msanii pesa, bila kualikwa. Noti ile husema "wimbo umenigusa", au humrushia kijembe mbaya wako aliyekaa meza ya pili.

Basi waachie watunzaji njia ya kupita. Sisi tuliondoa viti vya katikati, upana wa watu wawili wanaocheza, na ngazi ya jukwaa tukaileta mbele badala ya pembeni. Lakini njia bila muda haisaidii. Wimbo wa harusi sasa una kiitikio kisicho na idadi: mpiga kinanda anaangalia foleni ya watunzaji, anazungusha, akiona amebaki mmoja anamwinulia kidevu mpiga ngoma, wanafunga. Usiku mmoja tulizunguka mara 11. Bwana harusi alisimama pale akitabasamu, jasho limelowesha kanzu, hajui mikono aiweke wapi. Naye mfundishe cha kufanya!

Tuliwahi pia kuwaingiza waimbaji kwa mlango wa nyuma, wapite katikati ya watu wakiimba na bendi. Wakawa wanachelewa mdundo, nikadhani wamelewa. Kumbe sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 30 kutoka kwenye spika huupata mdundo umechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Akiufuata, wa mbele wanamsikia kachelewa mara mbili. Siku hizi bendi inanyamaza, wanaingia kwa makofi yao tu, na ngoma inawadaka wakishakaribia jukwaa. Maiki tunawavua: ukipita nayo mbele ya spika inapiga mluzi.

Mazoezi yafanyeni hadharani. Waigizaji wa kijiji cha Kamiriithu, kule Limuru, Kenya, walifanya hivyo mwaka 1977 na wanakijiji wakawa wanawasahihisha waigizaji. Sisi tunafanyia uani, watoto wa mtaa wanaokota kiitikio, siku ya onyesho wanakuja na mama zao. Na usimvute mtu mkono kumpandisha jukwaani. Mzee mmoja tulimvuta, akatoka nje moja kwa moja.

Halafu kuna pesa za tunzo. Sisi ziliwahi kutugombanisha mwezi mzima, kungwi akisema ni zake, bendi ikisema bila wao asingetunzwa. Sasa zinaingia kwenye kapu moja, na tunazihesabu mbele ya wote kabla mtu hajavua mavazi.