Leseni inagoma kuunganika? Usifomati, tazama saa!

Mkuu, simama hapohapo! Umesema programu ya mahesabu inakuandikia "imeshindwa kufikia seva" (kompyuta ya wenye programu, inayohakiki leseni yako), intaneti ipo, na kesho fundi anakuja kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mpigie asije. Huyo fundi wako, au pacha wake, alishanipitia hapa Ngamiani, Tanga.

Kompyuta yangu ya steshenari ni ya mezani, ya mtumba. Kumbe kila umeme ukikatika, saa yake inarudi mwaka 2012. Sikuliona hilo. Nilichoona ni leseni ya programu niliyoilipia, iliyofanya kazi miezi kadhaa, ghafla inadai haina mtandao. Nikanunua bando kubwa. Nikabadili laini. Nikanunua ruta! Fundi akaja, akaitazama dakika mbili, akatamka kwa sauti ya daktari bingwa: "Windows imechoka." Akafomati. Mafaili ya wateja yakaenda na maji.

Ujumbe ukarudi uleule, neno kwa neno. Saa haikai kwenye diski bwana, inakaa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani! Ukifomati mara kumi, mwaka ni 2012 tu. Na huyo bwana elfu thelathini yangu alishaitia mfukoni. Mpaka leo tukikutana Barabara ya 12 anavuka upande wa pili.

Aliyeniokoa ni mteja, binti mmoja aliyerudisha risiti: "Kaka, umeniandikia 2012, mimi mwaka huo nilikuwa darasa la tatu." Nikacheka naye. Alipotoka nikakaa chini.

Iko hivi: kabla programu haijazungumza na seva, inakagua cheti cha seva hiyo, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2012 inaona cheti hicho hakijazaliwa, inakata mawasiliano, halafu lawama inatupiwa mtandao. Hata tovuti za kawaida zilikuwa zinanilalamikia kuhusu usalama, mimi nabonyeza "endelea" kama bingwa.

Nikarekebisha tarehe, seva ikajibu palepale: leseni imeshatumika kwenye kompyuta nyingine. Kompyuta nyingine ipi? Ni hiihii! Ilikuwa leseni ya mashine moja, na fundi alifomati bila kuiondoa leseni kwenye mashine kwanza. Siku tisa za kuandikiana barua pepe na wenye programu, naandika ankara kwa mkono kama karani wa mkonge.

Dawa yenyewe? Betri ya CR2032, ile kama sarafu inayokaa kwenye madabodi na kuiendesha saa umeme ukikatika, shilingi elfu mbili. Yangu ilikuwa imekufa. Ukishaiweka, panga tarehe, mwaka, na majira ya Afrika Mashariki, UTC+3. Na tafadhali, saa mbili asubuhi andika 8:00, usiandike 2:00. (Usiniulize nimejuaje.)

Uliuliza pia habari za antivairasi, na sijui printa gani. Hayo baadaye. Kwanza piga picha kona ya chini kulia ya skrini yako, pale penye saa, uiweke hapa.