Mwanangu asema Shetani kwake ni alama ya akili. Nimfukuze?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama kutoka Unguja, tunaishi Marekani katika jimbo la Massachusetts, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kijana wangu ana miaka 20, anasoma chuo kikuu. Mwezi uliopita baba yake alimwona na kidani chenye kichwa cha mbuzi. Alipoulizwa hakuficha. Alisema dini yake sasa ni Ushetani, lakini haabudu jini wala mtu, na kwamba Shetani kwake ni alama tu ya kiumbe aliyethubutu kutumia akili yake akakataa kuinamishwa kichwa. Ameniandikia barua ya kurasa tatu kueleza kuwa amefika huko kwa kufikiri mwenyewe, hakushawishiwa na mtu. Baba yake anataka atoke nyumbani. Jamaa zangu wa Unguja wanasema kajiunga na Frimasoni, kile chama cha siri, na keshatoa damu, tumkamate afanyiwe kisomo. Tangu mdogo alikuwa mwingi wa maswali. Alipokuwa na miaka minane alichapwa bakora chuoni, alikosoma Qur'ani, kwa kumuuliza mwalimu nani kamuumba Mungu, na tangu siku ile hakutaka kurudi. Sheikh, hukumu yake ni ipi, na mimi nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Dada yangu, hukumu nitaisema kwa ufupi kwa sababu haina utata. Kulitukuza jina la Iblis na kulifanya bendera ya dini ni kufuru, hata kama msemaji anadai ni alama tu. Wako waliojitetea mbele ya Mtume (s.a.w.) kwamba walikuwa wakipiga soga na kucheza, na Allah (s.w.) akawajibu: "Mlikuwa mkimfanyia mzaha Allah na aya Zake na Mtume Wake? Msitoe udhuru, mmekwisha kufuru baada ya kuamini kwenu" (At-Tawba 65-66). Lakini neno kuwa kufuru na msemaji wake kuhukumiwa kuwa kafiri ni mambo mawili, na wanazuoni wameyatenganisha tangu zamani. La pili lina masharti yake: hoja imfikie, shubha yake, yaani mashaka yaliyompoteza, iondolewe, na anayehukumu awe mwenye elimu na dhamana, aliyekaa naye akamsikiliza. Kazi hiyo si yako wewe uliyemzaa, si ya baba yake, wala si ya kundi la WhatsApp la ukoo. Na mimi sijakaa naye, kwa hiyo sitamhukumu.

Jamaa zako wa Unguja waambie wanyamaze. Habari ya kutoa damu hawana ushahidi nayo, na Allah ameamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga (Al-Hujurat 6). Haya mambo yamekwisha kuumiza watu. Huko huko Marekani, katika jimbo la California, walimu wa shule ya chekechea ya McMartin walituhumiwa kuanzia mwaka 1983 kuwadhulumu watoto, na uvumi wa ibada za kishetani ukapamba moto. Kesi iliendelea mpaka 1990 na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Jirani zetu wa Kenya nao waliundiwa tume na Rais Moi mwaka 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada ya shetani, na hofu na uvumi haukuisha kwa sababu ya tume. Ukimwambia kijana wako kwamba kanywa damu, naye anajua hakunywa, utakuwa umempa sababu ya kutokusikiliza katika yote yanayofuata.

Kile alichokishika ni kitu kingine kabisa, na lazima ukijue kilivyo. Mwaka 1966, katika mji wa San Francisco, mtu aitwaye Anton LaVey alianzisha alichokiita Kanisa la Shetani. Hakuamini kuwa Shetani yupo. Alifundisha kwamba mtu ajistareheshe, alipize kisasi, na awe mungu wa nafsi yake. Hawa walioko Massachusetts, wenye makao Salem, ni kundi jingine liitwalo The Satanic Temple, lililoanzishwa 2013. Nao wanasema Shetani hayupo. Mwaka 2015 walizindua mjini Detroit sanamu kubwa la Baphomet, mwenye kichwa cha mbuzi, na mwaka 2019 mamlaka ya kodi ya Marekani ikawatambua kuwa ni kanisa. Wana misingi saba, na kwa jinsi ulivyonieleza barua yenyewe, kijana wako anaipenda: kuwa na huruma kwa viumbe kwa mujibu wa akili, kupigania haki, mwili wa mtu kuwa chini ya hiari yake, kutozipotosha hakika za sayansi ili zifuate imani ya mtu, na kwamba binadamu hukosea, na akikosea arekebishe alichoharibu.

Nisome haya nikasirike? Nusu yake ni mambo ambayo mtoto wa Kiislamu alipaswa kuyasikia kwa mwalimu wake. Hasira yangu ni juu ya kuyatundika maneno haya kwenye shingo ya Iblis, kwa sababu hakuna kiumbe aliyeyakanyaga kama yeye.

Mwambie aifungue sura ya Al-A'raf, asome kuanzia aya ya 11, asome kama anavyosoma kitabu chochote cha chuo kikuu, kwa akili hiyo hiyo anayoisifu. Iblis aliulizwa ni nini kilichomzuia kusujudu alipoamrishwa. Hakusema "nimefikiri nikaona amri hii si haki." Alisema: "Mimi ni bora kuliko yeye. Umeniumba kwa moto, na yeye umemuumba kwa udongo." Hiyo ndiyo hoja yake yote. Ibn Sirin, mmoja wa wanafunzi wa masahaba, alisema kwamba wa kwanza kutumia kiyasi, yaani kupima jambo kwa kulilinganisha na jingine, alikuwa Iblis, na kiyasi chenyewe kibovu. Nani kasema moto ni bora kuliko udongo? Ibn Kathir ameijibu katika tafsiri yake ya Qur'ani: udongo una utulivu, una subira, mmea huota ndani yake, na moto una pupa na kuunguza. Iblis hakupima kitu. Alitangulia kujiona, kisha akaitafutia nafsi yake sababu. Huko ndiko kuzipotosha hakika ili zifuate matamanio, jambo lile lile ambalo misingi yao inalikataza.

Na alikataa kumsujudia nani? Hapa ndipo wanaomsifu wanapopita haraka. Wanasema alikataa kuinama mbele ya mtawala. Lakini sijida ile ilikuwa ya kumheshimu Adam. Aliyedharauliwa siku ile ni mwanadamu, na kosa lake ni asili yake. "Mimi bora kuliko yeye kwa nilivyoumbwa": kijana mweusi anayeishi Marekani hakosi kulijua neno hilo, maana kaambiwa, kama si kwa ulimi basi kwa jicho. Na sisi watu wa Unguja tunalijua kwa upande mwingine pia. Soko la watumwa la Mkunazini halikufungwa mpaka mwaka 1873, na waliouza na kununua pale walikuwamo wanaoswali. Kila aliyemtazama mtu juu ya jukwaa la mnada akaona udongo duni, alikuwa akimfuata Iblis, hata kama alitawadha asubuhi ile. Kijana anayetaka haki na huruma anawezaje kumchukua mwenye neno hilo akamfanya alama yake?

Kisha asome kuhusu kukosea na kurekebisha. Wawili walikosea katika kisa kile. Adam na mkewe walisema: "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu" (Al-A'raf 23). Iblis alisema: "Kwa kuwa Umenipoteza" (aya ya 16), akamtupia Mola wake lawama, akaapa kuwavizia watoto wa aliyemhusudu. Mmoja alikiri, mwingine akalipiza kisasi kwa wasiokuwa na kosa. Msingi wa "binadamu hukosea, arekebishe" ni sunna ya baba yetu Adam. Wameuokota kwake, wakauandikia jina la adui yake.

Liko na ajabu jingine. Kijana wako anamfanya Shetani alama ya anayemkataa Mungu. Iblis mwenyewe hajawahi kusema hakuna Mungu hata siku moja! Anapoomba muhula anasema "Mola wangu" (Al-Hijr 36). Anapoapa, anaapa kwa utukufu Wake (Sad 82). Anapomshawishi mtu mpaka akakufuru, humgeukia akamwambia: "Mimi si pamoja nawe, mimi namwogopa Allah, Mola wa walimwengu" (Al-Hashr 16). Na Siku ya Malipo atasimama awaambie waliomfuata: "Sikuwa na mamlaka yoyote juu yenu ila niliwaita nanyi mkaniitikia. Basi msinilaumu, jilaumuni wenyewe" (Ibrahim 22).

Najua atakavyojibu. Atasema Shetani wake si huyu wa Qur'ani, ni yule wa washairi, shujaa anayeona heri kutawala Jahannamu kuliko kutumika Mbinguni. Huyo ni wa utenzi wa John Milton, uliochapwa London mwaka 1667, na Milton mwenyewe alikuwa Mkristo aliyetaka kuitetea hukumu ya Mungu mbele ya watu. Basi na akiri kwamba amempenda mhusika wa shairi la Kiingereza. Hiyo si hoja dhidi ya Uislamu, kwa sababu Uislamu hajaugusa bado. Aliyefika kwa akili alipaswa kumchunguza Iblis wa kitabu alicholelewa nacho kabla ya kuazima wa wageni.

Sasa nakuja kwako, dada yangu, na kwa ile bakora, maana katika swali lako lote ndiyo iliyoninyima usingizi. Masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia kwamba wanakuta nafsini mwao mambo ambayo kila mmoja anaona ni mazito mno kuyatamka. Akawauliza, "Mmeyakuta kweli?" Wakasema ndiyo. Akasema, "Hiyo ndiyo imani iliyo wazi." Hadithi hii iko katika Sahihi Muslim. Na swali lile lile la nani kamuumba Mungu, Mtume alikwisha kutuambia kwamba watu watalifikia, akatufundisha la kusema. Mtoto wa miaka minane alipaswa kupewa jibu la Mtume wake, akapewa bakora. Mimi ni mwalimu wa chuo kwa miaka mingi, na nasema mwalimu yule alikosea na ulikuwa wajibu wetu kumwomba mtoto radhi. Hilo halimpi udhuru leo akiwa na miaka 20. Lakini wewe mama yake unaweza kulianza. Mwambie kwamba alionewa siku ile. Usiunganishe na "lakini".

Baba yake naye asome Maryam kuanzia aya ya 42. Nabii Ibrahim anamwambia mzazi wake maneno haya haya tunayotaka kumwambia kijana: "Ewe babangu, usimwabudu Shetani." Mara nne anamwita "ewe babangu". Na nani anayesema "niondokee kwa muda mrefu" katika kisa kile? Ni yule baba, mwabudu masanamu. Ibrahim akamjibu kwa salamu. Asimtoe mtoto nyumbani. Akimtoa leo, wale wa Salem watampokea kesho, na hata asipokwenda kwao hatakuwa mezani kwenu kusikia bismillah.

Kisomo cha kumkamata hakijuzu kwa mtu mwenye akili timamu asiyetaka. Msomee wewe, usiku, ukiwa umetandika mswala wako. Kumwombea aliye hai aongoke hakuna aliyekuzuia. Kidani una haki ya kumwambia asikivae ndani ya nyumba yako, naye akiwa muungwana atakuheshimu. Ada ya chuo msimkatie.

Barua yake ijibu. Hata kwa ukurasa mmoja, kwa mkono wako, kwa Kiswahili. Kama hutaki kuijibu hoja kwa hoja, mwandikie ile aya ya 11 mpaka ya 25 ya Al-A'raf na umuulize tu: katika hawa wawili, wewe unafanana na nani? Akitaka kubishana nami, nimeridhika, na aulize hata lile la miaka minane. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.