Muulize Mwalimu: Benki ikisema ita-"accelerate" mkopo wako

Mwalimu shikamoo. Niko Nakuru, nilichukua loni benki nikaweka hati ya shamba kama dhamana, biashara ikayumba na sasa nimekosa kulipa miezi 2. Nimeletewa barua ya Kiingereza, ndani kuna mahali wanasema "we may accelerate the loan". Kijana wangu kaangalia kwenye simu akasema ni kuongeza kasi, sasa tunajiuliza, wanataka kunipa pesa zingine haraka ama ni nini?
— Mama mwenye duka, Nakuru

Marahaba mama. Hapana, hakuna pesa inayokuja, na tafadhali barua hiyo usiitupe kwenye droo. Kijana hajakosea, kamusi imempa maana ya kwanza, na hata kwenye Kilatini neno lilikotoka "celer" ni kitu chenye kasi. Lakini hapa kinachoharakishwa ni tarehe ya kulipa. Yaani marejesho ya mwezi ujao, ya mwakani, mpaka lile la mwisho kabisa, yote yanavutwa yanakuja kudaiwa kwa pamoja. Tuseme umebakiza 600,000 na kila mwezi unalipa 25,000, basi mpaka leo umechelewesha 50,000 tu, ila wakisha-accelerate wanakudai zote 600,000 kwa mkupuo, kwa kifupi deni lote limeiva.

Sasa angalia hilo neno dogo kabla yake, maana ndilo lenye uzito. "May accelerate" ni kwamba wana ruhusa ya kufanya hivyo, bado hawajafanya. Wangeandika "we have accelerated" ingekuwa imeshafanyika. Kwa hiyo bado una nafasi, chukua mkataba wako utafute kipengele chenye neno "acceleration", halafu nenda benki mapema na pendekezo lako la kulipa yale yaliyochelewa, na liwe kwa maandishi, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri. Na kuhusu shamba usikubali mtu akutishe kwamba linauzwa wiki ijayo, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inataka uwe umekosa kulipa kwa mwezi 1 ndipo wakuandikie notisi, na notisi hiyo ikupe muda usiopungua miezi 3 wa kurekebisha, halafu kabla ya kuuza wakupe tena notisi nyingine ya siku zisizopungua 40. Barua zote mpelekee wakili azisome. Mimi inaniuma sana kuona watu wanasainishwa karatasi za lugha wasiyoielewa na hakuna anayekaa nao chini kuwafafanulia.

Habari za kazi mwalimu. Niliandika imeili ofisini "please accelerate up my documents", mwenzangu akaniambia siyo Kiingereza. Shida iko wapi?
— Msomaji, Dodoma

Salama ndugu yangu. Hiyo "up" ndio tatizo, inakaa na "speed" na "hurry", kwenye "accelerate" haikai kabisa. Halafu kwa makaratasi ya ofisini Waingereza wana neno lao, "expedite", ukiandika "please expedite my application" umemaliza. "Accelerate" iache kwa vitu vinavyokua au kuendelea, kama uchumi, ujenzi, ugonjwa, na gari bila shaka. Mtu anayechelewa kazini huyo anaambiwa "hurry up". Na ukitaka wakati uliopita wa "speed up", andika "sped up" au "speeded up", zote sawa.

Mwalimu wa fizikia anasema gari likikata kona kwa spidi ileile lina-accelerate. Itakuwaje na mshale haujasogea hata kidogo?
— Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga

Mwalimu wako yuko sahihi mwanangu. Mtaani neno hili ni kukanyaga mafuta tu, ila kwenye fizikia, ambako kwa Kiswahili tunasema mchapuko, linahesabu mabadiliko ya spidi na pia ya mwelekeo. Gari likitoka 0 mpaka kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 10, ni mchapuko wa wastani wa karibu mita 2.8 kwa sekunde kila sekunde. Likifunga breki nako ni mchapuko, ila unaelekea nyuma. Likikata kona spidi haibadiliki lakini mwelekeo unabadilika kila nukta, na mchapuko wake unaelekea ndani, katikati ya kona, ndio maana ukiwa ndani ya daladala unajiona unasukumwa upande wa nje, mwili wako unataka kwenda moja kwa moja wakati gari linageuka. Mtihani ukiuliza, usiishie kuandika "kuongezeka kwa spidi", taja na mwelekeo.