Historia ya waliobeba fimbo

Mmeuliza wiki hii: klabu kongwe za Lubumbashi, ile ya gofu ikiwemo, zihifadhiwe kama urithi, au ardhi yake igawiwe watu wajenge? Jibu lilinitoka palepale: igawiwe. Sisi wa Katuba, mtaa wa watu wa kawaida hapa mjini, tunabanana, na kule ni nyasi mpaka macho yachoke.

Mji huu ulianza mwaka 1910 ukiitwa Élisabethville, na jina la Lubumbashi likaja 1966. Wakati wa Wabelgiji, Mwafrika asiye na kibali hakuonekana usiku kwenye mitaa ya Wazungu. Kwa hiyo nikisikia "historia ya klabu", nauliza: ya waliopiga mpira, au ya waliobeba fimbo?

Mimi nilibeba. Ilikuwa miaka ya 1990, mshahara wa baba ukikaa miezi bila kuonekana. Mjomba akanipeleka kwa mzee mmoja, kadi (mbeba fimbo za wacheza gofu) tangu ujana wake. Siku yangu ya pili, bwana mmoja alipiga mpira ukaangukia upande wa kulia, kwenye nyasi ndefu. Siku hizo sheria ilitoa dakika tano za kuutafuta. Tangu 2019 ni tatu tu. Nikachomoka mbio. Mzee akaniita: "Mutoto, usikimbilie mupira. Angaria kichuguu."

Mpira ulipokuwa hewani, yeye alikuwa amesimama kimya, ameulinganisha na kichuguu kikubwa kilichokuwa mbele yetu. Akakiendea moja kwa moja, polepole, midomo ikihesabu hatua. Akasimama. Akatenganisha majani kwa mkono, nami nikapiga magoti. Mpira ulikuwa umejibana kwenye ufa wa udongo mwekundu, unaonekana nusu. Nilinyoosha mkono, mzee akaushika mkono wangu: siku hizo kadi akiusogeza mpira, bwana wake alihesabiwa pigo la adhabu. Bwana akaja, akatazama saa, akapiga, akaenda zake bila neno. Jioni mzee alinigawia nusu ya malipo yake. Bega langu lilikuwa na alama ya mkanda wa mfuko, na nyumbani tulikula bukari, ugali wetu.

Nikiandika haya, jibu langu la mwanzo linalegea. Vichuguu vya Katanga huchukua mamia ya miaka kufikia ukubwa ule. Tukigawa viwanja, kitu cha kwanza kuvunjwa ni kichuguu, tufyatue matofali. Najua, nyumba yangu mwenyewe imejengwa kwa udongo wa kichuguu. Lakini kile alichosoma mzee yule kwa macho kitapotea pamoja na uwanja, na mtaa wote utabaki kuitwa Golf bila mtoto kujua kwa nini.

Basi uachwe. Ila wanaotaka kuandika historia yake waanze na makadi wazee walio hai, wawafuate huko wanakoishi, wawaombe watembee nao shimo kwa shimo. Na kipande kisichochezewa, kama kipo, hicho bado nasema kigawiwe.